Usisome Lebo Kwanza

Siku ya 1: Stockholm

Sharti lilikuwa moja, na mkuu wetu wa makumbusho alilitoa siku ya kuagana, kabla ya ziara yetu ya siku saba kwenye makumbusho ya Ulaya. Kila siku kila mmoja achague kitu kimoja, aseme kimemfanya nini, na aseme kabla hajasoma lebo. Mimi nikakabidhiwa daftari. "Wewe andika wanachosema. Usiwasahihishe." Ananijua. Kazi yangu ni kuandika lebo, na miaka kumi na moja ya kazi hiyo imenifanya mtu wa kusahihisha hata salamu.

Tuko watano. Yupo Mzee, mlinzi wa ukumbi mkubwa, ambaye sote humwamkia kabla ya mkuu. Yupo Mama, msimamizi wa usafi. Yupo Fundi, dada anayekarabati vilivyovunjika na ambaye hutembea na lenzi ndogo shingoni kama mwingine anavyovaa kidani. Yupo Kijana wa dirisha la tiketi. Wa tano ni mimi. Majina yao nayaacha, ndivyo tulivyokubaliana.

Tumeanza na Vasa, meli ya kivita ya Uswidi iliyozama tarehe 10 Agosti 1628, siku ileile ya safari yake ya kwanza, haijafika hata kilomita moja na nusu. Ilikaa chini ya maji miaka 333, ikainuliwa 1961. Hayo niliyajua kabla ya kuondoka. Nisilolijua ni kwamba ukipita tu mlango wa ukumbi, mguu unarudi nyuma wenyewe. Meli nzima, mita 69, imesimama ndani ya nyumba. Mwanga ni hafifu na watu wananong'ona kama wamekuja kumwona mgonjwa.

Kijana alichagua kitu ambacho hakimo kabatini: watu thelathini. Alimsikia mwongoza wageni akisimulia kwamba kabla meli haijaondoka, mabaharia thelathini waliamriwa wakimbie sitahani kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, ili ijulikane kama meli imetulia. Walipokimbia mara tatu meli iliyumba vibaya, jaribio likasimamishwa kwa hofu ya kupinduka palepale. Na bado ikaondoka. Mfalme alikuwa anaitaka, na hakupatikana wa kumwambia. "Wale thelathini walijua kwa miguu yao," Kijana alisema. "Kisha wakapanda meli hiyohiyo." Akanitazama, nami nikakumbuka kikao chetu cha paa linalovuja, tulivyotikisa vichwa sote kwamba paa ni zima. Sikuandika hilo. Naandika sasa.

Nilitaka kumwambia kusikiliza mwongozo ni sawa na kusoma lebo. Mzee akaamua: kusikia si kusoma. Ikapita.

Fundi alisimama chini ya mbao akaangalia juu hadi shingo ikamuuma. Mbao zilizokaa majini karne tatu ukiziacha zikauke hivihivi hunywea na kupasuka, kwa hiyo meli hii ilinyunyiziwa poliethilini glaikoli, kitu cha jamii ya nta kinachoyeyuka majini, ili kishike nafasi ya maji ndani ya ubao. Kazi hiyo ilichukua miaka 17. Fundi hakuhitaji lebo, hayo aliyasoma chuoni. Lakini hapa alisema jambo ambalo chuoni hawakumfundisha: "Kuna mtu aliajiriwa kijana, kazi yake kunyunyiza. Kila asubuhi ananyunyiza na haoni tofauti na jana. Huyo ndiye nimemwona leo."

Mama alikuta kasha la baharia mmoja, na ndani yake kofia. "Huyu alikuwa na mpango wa kushuka mahali akiwa amependeza," akasema, akaendelea mbele.

Mzee, tulipomuuliza, alichagua ngazi ya dharura. Imewekwa mahali pazuri sana, alisema.

Siku ya 2: Copenhagen

Treni ya alfajiri, tukavuka daraja la bahari macho bado mazito, na adhuhuri tulikuwa ndani ya Makumbusho ya Taifa ya Denimaki.

Kwanza gari la jua. Ni farasi mdogo wa shaba akivuta duara la shaba juu ya magurudumu, kazi ya miaka 3,400 hivi iliyopita. Lilipatikana 1902 katika eneo la Trundholm, palipokuwa kinamasi, shamba lilipokuwa likilimwa. Upande mmoja wa duara umefunikwa kwa dhahabu, mwingine hauna, na wataalamu wengi husema ni jua la mchana na jua la usiku linaporudi lilikotoka. Wageni wamejazana upande wa dhahabu. Mama alizunguka nyuma, akakaa huko peke yake muda mrefu.

"Upande huu ndio wangu," alisema. Yeye huingia kazini kabla ya mapambazuko na makumbusho yetu huyajua yakiwa na giza. "Watu wanadhani jua likizama limepumzika. Kumbe liko njiani, linarudi."

Lebo ya kitu hiki ningeiandika kwa maneno themanini na nisingefika hapo.

Kisha msichana wa Egtved. Hapa nitakwenda polepole.

Jeneza lake ni gogo la mwaloni lililochongwa. Liligunduliwa 1921 ndani ya kilima cha kaburi, na miti ile inaonyesha alizikwa mwaka 1370 hivi kabla ya Kristo. Alikuwa na miaka kati ya 16 na 18. Mifupa yake yote imeyeyuka. Zimebaki nywele, kucha, meno, vipande vya ngozi, na nguo: blauzi fupi ya sufu, sketi ya nyuzi zinazoning'inia, na sahani ya shaba kiunoni. Ukitazama kabati unaona umbo la mtu ambaye hayupo, nguo zimelala zilivyolala juu yake. Pembeni mwake kulikuwa na mifupa iliyochomwa ya mtoto wa miaka mitano au sita. Nani kwa nani, haijulikani.

Aliyemzika aliweka ua juu yake. Ni ua la porini tu, la yale yanayochanua kiangazi, na ndiyo maana tunajua msimu: alizikwa kiangazi. Miaka elfu tatu na zaidi, na tarehe ya mazishi tunaisoma kwenye ua la mtu aliyeinama njiani akalichuma.

Kijana alizungumzia sketi, kwamba angeiona mtaani leo asingeshangaa. Fundi alizungumzia tindikali ya udongo, inavyokula mfupa na kuacha sufu. Mzee alivua kofia na hakusema neno. Mimi nilitoka nje kidogo. Daftari la siku hiyo lina mistari minne tu.

Siku ya 3: Njiani

Treni kutwa nzima, Copenhagen hadi Hamburg, Hamburg hadi Amsterdam na mabadiliko katikati. Mvua dirishani.

Kilichochangamsha behewa ni ubishi wa jana: je, maiti awekwe kabatini? Mzee alisema hapana, mara moja, hakuna la kuongeza. Mtu aliyezikwa amezikwa. Fundi alisema bila kabati lile yule binti asingekuwa na anayemkumbuka, na leo mamia wanapita mbele yake kwa upole kuliko watakavyopita mbele ya makaburi yetu sisi. Mzee akamjibu kuwa kupita kwa upole si ruhusa. Kijana alitaka kujua kama bintiye mtu akikaa miaka elfu tatu anageuka kuwa kitu, na kama ndivyo, ni mwaka wa ngapi hasa anapogeuka. Hatukumjibu. Mama alikuwa anasinzia, au anajifanya.

Siku ya 4: Amsterdam

Leo ilikuwa siku ya Mzee.

Katika Rijksmuseum watu wote wanaelekea mahali pamoja, kwenye mchoro wa Rembrandt wa 1642 unaojulikana kama Lindo la Usiku. Unazidi mita tatu na nusu kwenda juu na mita nne kwenda pembeni. Tangu 2019 wataalamu wanauchunguza na kuuhudumia ndani ya chumba cha kioo, mbele ya wageni, na Fundi alipowaza kazi ya namna hiyo alishikwa na jasho. Kufanya kazi ya sindano huku watoto wa shule wakikuhesabia pumzi!

Mzee alifika, akautazama mchoro dakika moja labda, kisha akaupa mgongo. Akasimama hivyo, mikono nyuma, akiwatazama watu. Nikamwambia, Mzee, kitu kiko huko. Akasema anajua kilipo.

Alisimama nusu saa. Alinionyesha mambo ambayo sikuyaona kamwe kwa miaka yangu kumi na moja. Baba aliyembeba mtoto begani, na mguu wa mtoto unavyoyumba: huyo muangalie. Mwanafunzi anayesogea hatua moja kila mara anapodhani hatazamwi. Mwanamke anayelia kimyakimya: huyo muache, usimkaribie, mpe nafasi. "Na yule," akasema kwa kidevu, "hatazami mchoro. Anatazama walinzi." Nikaangalia. Alikuwa mlinzi mwenzao wa likizo, labda. Walipeana ishara ya kichwa na Mzee, wageni kabisa, na wakaelewana.

Jioni nikamsimulia yale ninayoyajua mimi, maana sharti la lebo lilikuwa limekwisha kwa siku hiyo. Mwaka 1715 mchoro huu ulikatwa pande zote nne ili utoshe ukutani ulikohamishiwa. Mwaka 1975 mtu aliuchana kwa kisu mara nyingi. Mwaka 1990 mwingine akaurushia asidi, na walinzi wakawahi kuumwagia maji, asidi ikaishia kwenye vanishi, haikufika kwenye rangi.

Hapo Mzee akaweka kijiko chini. "Walinzi gani?"

Sikuwa na jina la hata mmoja. Nimesoma kuhusu Rembrandt, kapteni aliyechorwa katikati, hata mbwa aliye pembeni. Mwenye ndoo ya maji sijapata kumsoma.

"Basi andika," akasema. "Kitu changu cha leo ni yale maji."

Siku ya 5: London

British Museum ni kubwa mno, na nakiri kwamba kubwa kupita kiasi hunichosha. Jiwe la Rosetta, lile la Misri lenye maandishi ya kale, tuliliona kupitia mabega ya watu. Kijana aliona jambo moja tu hapo, lakini zuri: ubavuni mwa jiwe kuna maandishi ya Kiingereza yaliyopakwa rangi, yanayosema lilitekwa Misri na jeshi la Uingereza mwaka 1801. "Hiyo ndiyo lebo yake ya kwanza," akaniambia, "na angalau haifichi kitu." Nikaipokea.

Yeye mwenyewe alichagua askari wa sataranji wa Lewis. Hivi ni vipande vya mchezo vilivyochongwa karne ya 12, vingi kwa pembe za walrasi, mnyama wa bahari za baridi, na kugunduliwa 1831 katika kisiwa cha Lewis huko Uskoti. 82 ni mali ya jumba hili na 11 ni vya Edinburgh. Malkia wao wameshika shavu kwa kiganja, macho yametoka, sura ya mtu aliyeambiwa mgeni mwingine anakuja. Na miongoni mwa askari wa pembeni wako wanaoing'ata ngao yao kwa meno. Kijana alicheka hadi mlinzi akageuka. "Huyu ni mimi, Jumamosi, saa nne, mabasi sita ya shule yamefika pamoja." Kisha akamtazama Mzee. "Au ni wewe, Mzee?" Mzee akasema yeye hajawahi kung'ata kifaa cha ofisi.

Siku ya 6: London tena

Fundi aliamka kabla yetu. Kitu chake cha leo alikichagua miaka mingi iliyopita kwenye kitabu cha chuo: chombo cha Portland. Ni cha Kirumi, kioo cha buluu iliyokolea hadi inakaribia weusi, na juu yake watu weupe waliochongwa kwenye tabaka la kioo cheupe. Kimo chake hakifiki urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole.

Februari 1845 mgeni mmoja mlevi alikivunja. Vipande vikawa kama mia mbili. Mkarabati, John Doubleday, alikiunganisha mwaka huohuo, na akabaki na vipande vidogo 37 ambavyo hakujua pa kuvitia. Vilipelekwa kwa fundi wa masanduku ili vitengenezewe kasha lenye vyumba 37, kila kipande chumba chake, kisha vikasahaulika huko. Vilirudi jumba la makumbusho karne moja baadaye, chombo kilipokaribia kuunganishwa upya. Hata hapo viliingia vichache tu. Kikafumuliwa tena na kuunganishwa mara ya tatu miaka ya 1980, na hapo karibu vyote vikapata mahali.

Fundi alipiga goti, lenzi jichoni, akatafuta mistari ya gundi. Kila alipoupata mmoja alisema "eheee" kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kinamgusa nini hasa. Alifikiri muda mrefu.

"Kubakiwa na vipande. Nami nina bahasha kwenye droo yangu. Vipande tisa vya mtungi ule wa mlango wa mashariki. Sikumwambia mtu."

Mtungi ule lebo yake nimeiandika mimi. Nimeandika "mzima".

Alasiri tulishuka ghorofa ya chini, kwenye vibao vya shaba vya Benin, ufalme wa zamani katika Nigeria ya leo. Vimepangwa safu kwa safu kwenye fito za chuma, vinaelea hewani. Vilitengenezwa karne ya 16 na 17, vikapigiliwa kwenye nguzo za kasri la Oba, mfalme wa huko. Mwaka 1897 jeshi la Uingereza liliuteka mji na kuvichukua pamoja na vitu maelfu. Jumba hili pekee lina vitu kama 900 vya huko.

Mama hajui hayo, au hakuyasema. Alikaribia kibao kimoja, akaweka kidole hewani mbele ya kona yake, bila kugusa. "Matundu."

Ni kweli. Vibao vina matundu pembeni, ya misumari. Mengine yamevutika, ukingo umepasuka kidogo.

"Basi nguzo ziko wapi?" akauliza.

Hakulenga lolote. Ni swali la mtu anayeona kitambaa cha meza na kuuliza meza. Lakini Kijana alikunja uso, na Fundi akaanza kueleza habari za sheria ya 1963 inayoifunga mikono bodi ya jumba hili isitoe mali yake, na kwamba Ujerumani ilirudisha vibao na sanamu kadhaa Nigeria mwaka 2022. Kijana akasema sheria huandikwa na watu. Fundi akasema ndiyo, na chuma hutunzwa na watu. Wakabishana hadi kwenye ngazi, na sidhani wamemaliza. Mimi naegemea kwa Kijana. Nilitazama tena kona ile. Tundu la msumari haliigizwi. Msumari ulipigwa mahali fulani.

Siku ya 7: Oxford

Pitt Rivers unaifikia kwa kuvuka jumba jingine, la mifupa ya wanyama, hadi mlango wa mwisho. Ndani kuna giza la makusudi. Vitu havikupangwa kwa nchi wala kwa kabila bali kwa aina: filimbi na filimbi, kufuli na kufuli, mitumbwi juu ya kichwa chako. Lilianzishwa 1884. Yale makabati ya vichwa vya binadamu vilivyokaushwa, ambayo watu walikuwa wakiyafuata, hayapo tena, vichwa viliondolewa 2020. Nilimwambia Mzee. Akaitikia kwa kichwa, taratibu.

Na lebo! Vijikaratasi vya ukubwa wa kidole gumba, vimefungwa kwa uzi kwenye kitu chenyewe, mwandiko wa mkono kwa wino, herufi ndogo kama chawa. Zipo ambazo karatasi imegeuka rangi ya chai. Nilitamka kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: hiki ndicho kitu changu.

Walikataa wote wanne. "Hicho si kitu, hicho ni kazi yako," alisema Fundi. Kijana alikumbusha kuwa kwa siku saba nimeandika vya wenzangu na sijachagua hata kimoja. Nilifungua daftari kuonyesha kwamba si kweli. Ilikuwa kweli.

"Mwacheni," alisema Mama. "Yeye alichagua siku ya pili."

Nikawaambia, pale katikati ya filimbi. Dada yangu alifariki ana miaka kumi na saba. Mimi nilitumwa maua, nikachelewa na gari, nikakuta udongo umesharudishwa. Yakakaa kiti cha nyuma hadi yakanyauka, maana sikujua yanatupwaje. Nilipomwona yule wa Egtved sikumwona yeye. Nilimwona aliyewahi.

Hakuna aliyenipa pole, na nashukuru. Mama alichukua daftari mkononi mwangu, akaandika mwenyewe mstari mmoja chini ya siku ya pili. Mwandiko wake sijawahi kuuona kabla, umelala kushoto.

Tulimalizia kwenye kabati lenye chupa ndogo ya rangi ya fedha, imezibwa. Ilitolewa mnamo 1915 na bibi mmoja wa karibu na Hove, aliyesema ndani mna mchawi na akiachiwa ataleta balaa. Haijafunguliwa hadi leo. Kijana alitaka kujua kama kuna aliyewahi kuitikisa. Fundi alisema kitaalamu hakuna sababu ya kuifungua, na alilisema haraka mno.

Kengele ya kufunga ikalia. Watu wakaanza kuelekea mlangoni, nasi pamoja nao. Mzee alibaki nyuma. Akapita kabati kwa kabati, mikono nyuma, kama anavyofanya kwetu kila jioni, akafika kwenye chupa, akainama, akakitazama kizibo pande zote, kisha akatoka wa mwisho.